Mtungi wa nitroksi ukiwa na salio: hesabu ileile imenipa majibu mawili, nimekosea wapi?

mzamiaji_alfajiri
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana toka jana nimekaa na karatasi na kosa silioni. Mtungi wangu ni wa lita 12, najaza mpaka bar 200, na natumia nitroksi 32 tu, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka ikafika asilimia 32, sina mambo mengi. Kuchanganya nimefundishwa, ile njia ya oksijeni kwanza halafu hewa juu yake. Mtungi ukiwa mtupu jedwali linasema ukitaka 32 weka oksijeni bar 27.8 kisha hewa mpaka 200, hapo sina shida.

Sasa juzi mtungi ulikuwa na bar 80 zimebaki. Nikawaza hivi, 80 ni asilimia 40 ya 200, kwaiyo kilichokosekana ni asilimia 60, nikachukua asilimia 60 ya 27.8 nikapata 16.7. Nikaingiza oksijeni polepole mpaka geji ya dijitali ikasoma 96.7, halafu hewa mpaka 200. Nikauacha upoe, nikapima asilimia ya oksijeni. 30. Sio 31 na kitu, ni 30 kavu. Nikasema kipima kimechoka, nikakiseti upya kwenye hewa ya kawaida kikasoma 20.9 vizuri tu, nikarudia, 30 tena.

Kinachoniuma ni kwamba mwezi uliopita nilifanya hesabu hiyohiyo, salio 80 hivyohivyo, oksijeni 16.7 hiyohiyo, ikatoka 32 barabara. Hesabu moja majibu mawili inakuwaje?

Tumbawe
Nakaa hapa nisubiri wataalam. Ila mimi binafsi siumizi kichwa, nafungua vali namwaga yote naanza na sifuri. Hesabu za salio za nini

kasa_mzee
Tumbawe hiyo nayo njia lakini angalia unachomwaga. Mtungi wa lita 12 wenye bar 80 una lita 960 za gesi, unazipuliza upepo, tena humo ndani kuna oksijeni uliyoihangaikia. Na ukizoea kumwaga mpaka sifuri na vali umeiacha wazi unakaribisha unyevu ndani. Kumwaga kuna wakati wake, ntafika huko.

Mleta uzi, njia yako ya asilimia 60 sio uongo. Ni kweli kabisa, ila ni kweli kwa hali moja tu, salio likiwa mchanganyiko uleule unaoutaka. Hesabu yako imeuliza salio ni bar ngapi, haijauliza hata mara moja humo ndani kuna nini. Mwezi uliopita ilikubali kwa sababu salio lilikuwa 32 kweli.

Mimi huwa nafanya hivi, na nimewafundisha wengi wakaacha kutegemea jedwali. Usihesabu oksijeni yote, hesabu ile iliyozidi hewa tu. Hewa ina 21. Hiyo ni sakafu, kwenye salio ipo, kwenye hewa ya kompresa ipo, popote ulipo umesimama juu yake, kwaiyo iache. Unachotafuta ni ziada. Nitroksi 32 ina ziada 11. 36 ina ziada 15. 28 ina ziada 7. Oksijeni tupu ina ziada 79. Hewa yenyewe ziada yake ni 0 ndio maana ukifika kwenye kujazia hewa hakuna tena cha kuhesabu, unajaza tu mpaka mwisho.

Hesabu sasa: ziada unayoitaka mara presha ya mwisho, toa ziada uliyonayo mara presha ya salio, kinachobaki gawanya kwa 79. Hizo ndizo bar za oksijeni.

Kwa salio la 32:
11 × 200 = 2200
11 × 80 = 880
2200 − 880 = 1320
1320 ÷ 79 = 16.7

Umeiona 16.7 yako hiyo. Sasa tuitembeze kinyumenyume kutoka kwenye jibu ulilopata juzi. Umepima 30, ziada ni 9, mara 200 ni 1800. Oksijeni uliyoweka imeleta 79 × 16.7 ambayo ni kama 1320. 1800 toa 1320 ni 480. Hiyo 480 ndiyo iliyokuwa kwenye salio, gawanya kwa bar 80 unapata ziada 6. Salio lako lilikuwa 27, halikuwa 32.

Nani kaushika mtungi wako?

mzamiaji_alfajiri
Hakuna mkuu. Stika iko palepale, 32, tarehe na sahihi yangu mwenyewe.

FundiVali
Stika ni karatasi tu kiongozi. Fikiria vizuri, haujaazimwa? Haujapelekwa mahali ukajaziwa hewa juu?

bar_mia_mbili
Mimi nina swali dogo, kwanini mnatumia 21 wakati hewa ni 20.9? Si ndio hapo kosa linapoanzia

kasa_mzee
Hapana. Fanya na 20.9 mtungi mtupu mpaka 200, unapata 28.1 badala ya 27.8. Tofauti ya robo bar, geji nyingi za mshale haziwezi hata kukuonyesha. Tumia unayoipenda, ila kipima ukiseti kwenye hewa kiseti 20.9.

Ngoja niwape na kipimo kimoja cha kichwani, kwenye mtungi wa bar 200 kila bar moja ya oksijeni ukiiweka mahali pa hewa inapandisha mchanganyiko kwa 0.4 hivi. 79 gawanya 200. Kwaiyo mtu akisema ametoka 2 chini najua amekosa bar 5 za oksijeni, na bar 5 hazipotei kwa sababu ya 20.9. Salio la 27 la mleta uzi lilitaka hivi: 2200 toa 480 ni 1720, gawanya 79 ni 21.8. Yeye kaweka 16.7. Toa. Bar 5 ndio hizo.

mzamiaji_alfajiri
Dah.

Nimekumbuka. Kuna jamaa yangu nanga ya boti ilimnasia akaniomba mtungi akaitoe, mita nane tu. Alipomaliza zilikuwa zimebaki bar 110 za 32. Akanirudishia umejaa 200 kabisa, nikamshukuru sana nikaona kanifanyia ustaarabu. Alijaza hewa. Halafu nikaenda nao mimi mwenyewe nikarudi na 80.

kasa_mzee
Haya piga: 11 × 110 = 1210, gawanya kwa 200 ni 6.05. Ishirini na saba. Kesi imeisha.

Bi_Geji
Imeisha upande wa karatasi kaka, lakini hamjaona kitu kingine hapo katikati. Mleta uzi, ile mbizi uliyoenda nao baada ya kurudishiwa, kompyuta yako ya kuzamia, ile ya mkononi inayokuhesabia naitrojeni, ilikuwa kwenye ngapi?

mzamiaji_alfajiri
32 😬

Bi_Geji
Na ulishuka ngapi?

mzamiaji_alfajiri
22, dakika 40 hivi.

Bi_Geji
Basi ulikuwa unavuta naitrojeni 73 wakati kompyuta inakuhesabia 68. Kwa mita 22 kompyuta ilidhani mwili wako uko kama mtu anayezama na hewa kwenye mita 17 na nusu hivi, kumbe ulikuwa kama kwenye mita 19.6. Hapo umepita salama, ila ukifanya hivyo mbizi tatu kwa siku, siku nne mfululizo, unajirundikia naitrojeni ambayo kompyuta haiijui na viputo vinakuja kukudai. Na haukupima kabla ya kuzama, hilo ndilo lililonisikitisha mimi kuliko hesabu.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Chukulia jamaa angekuwa amekurudishia salio 80 la 40 na wewe unaamini ni 32, ukaweka 16.7 yako. Ziada 19 × 80 ni 1520, jumlisha 1320 ni 2840, gawanya 200 ni 14.2, umepata 35.2. Unashuka mita 33 kama mtu wa 32, presha kamili pale ni bar 4.3, mara 0.352, presha ya oksijeni ni bar 1.51. Mpaka tunaofundishwa kufanyia kazi ni 1.4, na 1.6 ni dharura au kusimama ukipanda. 35.2 kina chake cha mwisho kwa hiyo 1.4 ni mita 29 na ushee. Degedege la oksijeni likikushika chini ya maji linaweza kuja bila kupiga hodi, unatema mdomo wa hewa basi.

mzamiaji_alfajiri
Nimekuelewa dada. Sina cha kujitetea, nilipoona umejaa nikajua ni wangu uleule. Na sasa huu wa 30 nifanyeje, niurekebishe uwe 32?

kasa_mzee
Unaweza, ila sikushauri. Kuna kitu wengi hawakijui mpaka kiwakute: ukitoka juu ya namba, kurekebisha ni rahisi, ukitoka chini ni mateso. Mfano umetoka 34 unataka 32, unamwaga mpaka 2200 ÷ 13 = bar 169 halafu unajazia hewa mpaka 200, dakika chache umemaliza. Lakini umetoka 30, unahitaji oksijeni, na mtungi uko 200. Chupa kubwa ya oksijeni ina presha ngapi?

mzamiaji_alfajiri
110 jana.

kasa_mzee
Sasa gesi hutoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo, haipandi mlima. Bila pampu ya kuongeza presha oksijeni ya 110 haiingii kwenye mtungi wa 200, ukifungua vali ndio nitroksi yako itarudi kwenye chupa ya oksijeni, na hilo usilifanye hata kwa kujaribu. Kwaiyo ungelazimika kumwaga mpaka 92, ukaweka oksijeni 17.4 ukafika 109.4, ukawa umeigusa kabisa presha ya chupa na mwishoni inaingia kwa kudondoka, halafu hewa tena mpaka 200. Zaidi ya nusu ya mtungi imeenda upepo kwa ajili ya asilimia 2.

30 ni 30. Andika stika 30, kina cha mwisho mita 36.7 kwa 1.4 sema 36, kompyuta weka 30, kazame. Hakuna kilichoharibika. 32 sio namba takatifu, 32 na 36 ni michanganyiko ya NOAA, taasisi ya bahari na hewa ya Marekani, Morgan Wells wa kwao aliisimamia ile ya 32 miaka ya 70 mwishoni na ikaingia kwenye mwongozo wao wa kuzamia wa 1979, ya 36 ikaja baadaye, walitaka michanganyiko michache ya kudumu ili majedwali yasiwe mengi. Wewe una kompyuta inayokubali namba yoyote.

Kidagaa
Samahanini mimi mgeni kwenye nitroksi, nimesoma mara tatu hapo kwenye ziada nimeanza kuelewa. Swali langu, mimi sina oksijeni, kwetu kuna kompresa ya hewa tu na boti inakuja na mitungi ya 32 iliyojazwa huko. Nikizama nikarudi na 70 nikajazia hewa, nikazama tena nikarudi na 70 nikajazia hewa, bado ni nitroksi?

kasa_mzee
Swali zuri na ziada inalijibu bila karatasi. 70 ni asilimia 35 ya 200. Ziada 11 mara 0.35 ni 3.85, kwaiyo jazio la kwanza umebaki na 24.9. La pili 3.85 mara 0.35 ni 1.35, una 22.3. La tatu hiyo ni hewa tu. Kama ndoo ya maji ya moto, unatumia, unaongeza ya baridi, baada ya mara mbili unaoga maji vuguvugu na bado unaiita ya moto.

Halina ubaya mradi kila jazio ulipime uandike. Ubaya ni kuita nitroksi 32 kitu ambacho ni 22.

Tumbawe
Kasa hapo kwa ndoo nimekuelewa kuliko fomula zote. Haya na mimi nina la kwangu basi, hivi vi namba vikitoka hasi ina maana gani? Nimejaribu ya kwangu, nina salio 120 za 40 nataka 28 mpaka 200. Ziada 7 × 200 = 1400. 19 × 120 = 2280. 1400 toa 2280 ni −880. Ndio nifanyeje, nitoe oksijeni na koleo?

kasa_mzee
Hahaha. Hasi maana yake ziada iliyomo tayari inazidi unayoitaka, hata ukijazia hewa tupu utatoka juu ya 28. Huu ndio wakati wa kumwaga niliousema. Umwage mpaka wapi? Gawanya tu: 1400 ÷ 19 = 73.7. Shusha mpaka 74 jazia hewa mpaka 200, una 28. Hauhitaji oksijeni hata tone.

Au usimwage, jazia hewa kwenye hiyo 120 uone unapata nini: 2280 ÷ 200 = 11.4, una 32.4. Kama mbizi yako ni ya mita 30 hiyo ni gesi nzuri tu, umwage ya nini. Watu wanang'ang'ania namba waliyoianza nayo kichwani.

bar_mia_mbili
Mimi ya kwangu hesabu iko sawa, mtungi mtupu kabisa, 27.8 nikaweka, hewa mpaka 200, kipima kizima. Nikapata 33. Huko nyuma hakuna jamaa wa nanga wala nini 😂

FundiVali
Hewa uliijaza kwa haraka?

bar_mia_mbili
Tulikuwa na foleni ndio

FundiVali
Mtungi ulikuwa wa moto. Geji inasoma 200 lakini ni 200 ya moto. Gesi ikiwa nyuzi 50 halafu ikapoa mpaka 25, 200 inakuwa 185 hivi. Oksijeni uliiweka taratibu mtungi ukiwa baridi, hiyo imeingia kamili 27.8. Hewa ndiyo uliyoipunja bila kujua. Piga 27.8 × 79 gawanya kwa 185, ziada 11.9, ndio 33 yako. Na ona, mtungi ukipoa mchanganyiko haubadiliki, ulikuwa 33 toka ukiwa wa moto. Ungeacha upoe halafu ukaongeza hewa mpaka 200 tena ungerudi 32.

Ndio maana salio nalo lisomwe mtungi ukiwa umekaa kivulini, usiutoe kwenye boti umechomwa na jua ukasoma 88 ukaamini. Na geji iwe moja mwanzo mpaka mwisho, ile ya kwenye mpira wa kujazia. Geji yako ya kuzamia ikisema 80 na ya kujazia ikasema 85, ukianza na moja ukamalizia na nyingine umeshajitengenezea bar 5 za hewani, na Kasa kasema bar 5 ni asilimia 2.

Kitu kingine, hizi hesabu zote zinadhani gesi ni watiifu, ukibana mara mbili zinaingia mara mbili. Mpaka 200 zinakaribia hivyo, unatoka juu kwa nukta kadhaa. Ukianza kujaza mitungi ya 300 hewa inagoma kubanwa vile fomula inavyodhani wakati oksijeni bado inakubali, na unatoka juu zaidi. Hapo watu hutumia programu zenye hesabu ya gesi halisi. Kwa 200 mimi sijisumbui, napima.

pweza_wa_futi
Mimi natumia psi, hii ya ziada inafanya kazi?

Bi_Geji
Inafanya, ila usichanganye psi na bar ndani ya hesabu moja. 3000 mwisho, salio 1000 za 32, unataka 36: 15 × 3000 ni 45000, toa 11 × 1000, baki 34000, gawanya 79, oksijeni psi 430.

Kidagaa
Na wale wenye mtambo wa kuchanganya kabla ya kompresa, ambao inatoka nitroksi tayari, wao salio wanalifanyaje?

kasa_mzee
Wao wanatafuta gesi ya kujazia iwe ngapi. Ziada ileile: inayokosekana gawanya kwa bar utakazojaza. Kwa salio la mleta uzi, 80 za 27, 1720 gawanya kwa 120 ni 14.3, wangeseti mtambo kwenye 35.3. Wangemjazia 32 juu ya lile salio wangepata 11 × 120 + 480 = 1800, gawanya 200, 9. Thelathini tena! Angetoka palepale kwa njia nyingine kabisa. Mitambo mingi ya namna hiyo haipitishi zaidi ya 40 kwaiyo kuna salio zingine hauwezi kuzipandisha, itabidi umwage kwanza.

FundiVali
Wakuu mimi nimekuwa nikisubiri mmalize hesabu ili niulize swali langu. Mleta uzi, kompresa aliyotumia jamaa yako kukujazia hewa, ilikuwa ipi?

mzamiaji_alfajiri
Sijui mkuu, ya huko alikokuwa. Kompresa tu ya mitungi ya kawaida.

FundiVali
Hapo ndipo mimi nilipokuwa naelekea toka mwanzo. Asilimia 2 umezipima umeziona. Mafuta hauyaoni.

Sikiliza, mtungi wa kuchanganyia kwa njia yako unapitisha oksijeni tupu kwenye vali. Watu wanasema "mimi sizidishi 40 kwaiyo sihitaji mtungi uliosafishwa", hapana, 40 ni gesi ya mwisho, pale unapoanza ni asilimia 100 inapita kwenye oringi zako, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja. Ndio maana mtungi na vali vinafunguliwa, vinasafishwa mafuta yote, oringi zinawekwa za Viton na grisi yake maalum kama Krytox, grisi ya silikoni ya kawaida haitakiwi humo. Na hewa inayojaziwa juu lazima ichujwe zaidi ya hewa ya kupumulia ya kawaida. Kipimo kinachotumika ni mafuta yasizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo, wakati hewa ya kawaida ya kuzamia inaruhusiwa mpaka 5. Mara hamsini.

Mtungi wako ulikuwa msafi. Jamaa akauweka kwenye kompresa isiyojulikana, ukapitisha bar 90 za hewa yake. Toka saa hiyo sio mtungi msafi tena, hata ukionekana unang'aa. Na wewe juzi umeingiza oksijeni tupu bar 16.7 humo. Mafuta kidogo, oksijeni tupu, na joto la gesi inayobanwa ghafla, hivyo vitatu vikikutana vali inawaka. Ndio maana tunafundishwa kuingiza oksijeni taratibu, bar 5 hivi kwa dakika, na vali haifunguliwi kwa kishindo.

Ulisema uliweka polepole. Mshukuru aliyekufundisha.

Bi_Geji
Kweli kabisa. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta yake sijaiona hii.

mzamiaji_alfajiri
Aisee nywele zimenisimama. Kwaiyo hata hii 30 iliyomo nisiitumie?

FundiVali
30 iliyomo ishatulia, pima itumie kama kawaida kama harufu na ladha ya hewa ni safi, ila sina uhakika na kompresa ya watu kwaiyo ningekuwa mimi ningeimwaga tu. Kisichotakiwa ni kuingiza oksijeni tena kabla mtungi haujafunguliwa na kusafishwa. Toa ile alama ya usafi kwenye mtungi leo hii, usingoje, mwingine asije akauchukua akauweka kwenye oksijeni kwa kuamini stika kama wewe.

Tumbawe
Mnaona sasa, mwisho wa siku tunamwaga yote. Nilisema toka mwanzo 😂😂

kasa_mzee
Tumbawe umeshinda kwa sababu isiyo yako.

pweza_wa_futi
Swali la haraka, kipima kikiyumba, kinasoma 31.4 mara 32.1 mara 31.8?

Bi_Geji
Punguza mkondo wa gesi, lita moja mpaka mbili kwa dakika inatosha, ukiipuliza kwa nguvu unasukuma sensa inasoma uongo. Kiseti kwenye hewa kwa mkondo uleule utakaopimia. Na sensa ina umri, mwaka mmoja mpaka mitatu hivi hata ukiiweka kabatini inajila. Kama kwenye hewa inakataa kutulia 20.9 hiyo nunua nyingine. Mtungi nao kama umejazwa sasa hivi upe muda ndani kuchangamane, mimi huwa napima jioni napima tena asubuhi kabla ya kuufunga mgongoni, na ya asubuhi ndiyo ninayoiandika.

mzamiaji_alfajiri
Wakuu nimerudi na mrejesho baada ya wiki.

Mtungi wa nanga nimeumwaga nikaupeleka ukafunguliwa. Fundi kapitisha kitambaa cheupe ndani ya vali kikatoka na rangi ya manjano hivi, kidogo sana lakini ipo. Umesafishwa, oringi mpya, alama mpya. Jamaa nimemwambia, kasema alidhani ananisaidia, na kweli alikuwa ananisaidia.

Ila nilikuwa na mtungi wangu wa pili, huo haujatoka mkononi mwangu, salio 60, stika inasema 36. Safari hii nikapima salio kwanza kabla ya kugusa kalamu, 35.6. Nataka 32 mpaka 200. Ziada 14.6 × 60 ni 876. 2200 toa 876 ni 1324. Gawanya 79 ni 16.8. Oksijeni mpaka 76.8 taratibu, hewa mpaka 200, ukapoa ukashuka 191, nikaongeza hewa mpaka 200 tena. Jioni 32.2, asubuhi 32.1. Nimeandika 32, mita 33.

Kasa, nimeona kitu. Oksijeni 16.8, karibu ileile 16.7 yangu ya kwanza. Salio tofauti, mchanganyiko tofauti.

kasa_mzee
880 na 876. Bar 80 za 32 na bar 60 za 35.6 zina ziada karibu sawa. Umeanza kuona sasa.

Na ule uliosafishwa umeuwekaje?

mzamiaji_alfajiri
Mtupu. 2200 gawanya 79. Kile cha kwenye jedwali 😅